Sumaku ya Tatu

Niliacha shule darasa la sita, Kibondo, na tangu hapo sikukaa mahali. Niliuza mitumba Manyovu, nikachoma matofali, nikaishia Kasulu nikitengeneza spika kwenye baraza la mwanamke fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenifanya nikae. Alitaka niende kwao Munanila kuposa kabla maharage hayajavunwa. Nilisema ndiyo, nikaendelea kukaa.

Kisha akaja mwalimu wa fizikia, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, kuleta spika ya shule. Akaona sumaku nilizozitoa kwenye spika mbovu, bapa kama visahani, akaomba tatu. Mbili zikilala ubavu kwa ubavu, alisema, hupenda moja itazame juu na nyingine chini. Nikaleta ya tatu ili zikae pembetatu. Ikavutwa na moja, ikasukumwa na nyingine. Nikaigeuza: ikasukumwa na ile iliyokuwa ikiivuta.

Akasema kuna fuwele zilizojaa pembetatu za namna hiyo, kila chembe ni sumaku. Sumaku za kawaida ukizipoza hujipanga. Hizo, hata uzipoze kupita barafu, hubaki hazijaamua, kwa kuwa hakuna mpango unaoziridhisha zote.

Fundi cherehani alisimamisha mashine ili asikilize. Kwa ajili ya spika zangu hakuwahi kuisimamisha.

Mwalimu akarudi, na akarudi tena. Akifika nilimchukia, akichelewa nilichungulia barabarani, maana maswali yalikuwa yamenijaa. Zikiwa nne je? Nne kwenye mraba hutulia, alijibu, na mwanamke akatikisa kichwa kana kwamba amepewa habari za ndugu zake.

Nikaamua kumshinda. Nilichukua sumaku moja, nikaifukia kwenye makaa ya pasi, nikapuliza mpaka ikawa nyekundu, kisha nikaiacha ipoe taratibu. Mwalimu alipofika niliiweka pamoja na zile mbili. Ikazishika zote, kimya.

Akaigeuza juu chini. Ikazishika vilevile.

"Umeiua, fundi," alisema kwa upole. "Ikifa haina upande. Hushikana na yeyote."

Mwanamke alicheka huku pini ziko midomoni. "Na wewe usije ukatulia kwa namna hiyo," akaniambia. "Munanila lini?"

Nikasema Jumamosi. Lakini mposaji hajisemei, na ndugu zangu wametawanyika. Nilikuwa bado nawaza nani atanisemea, yeye akawa amekwisha kumgeukia mgeni. "Mwalimu ana maneno. Atakusemea."

Tukaenda na pombe ya ndizi. Mwalimu alizungumza Kiswahili cha kwao, kirefu, kimenyooka. Alisema mimi ni mtu nisiyeacha swali mpaka lijibiwe, na kwamba mwanafunzi kama mimi hajampata darasani. Mzee, baba wa mwanamke, ambaye Kiswahili kwake ni cha sokoni tu, akanigeukia nimfasirie kwa Kiha. Niliona wivu hata kwa sifa zangu mwenyewe, zilivyopendeza kinywani mwa mwalimu.

"Anasema mimi ni fundi," nikafasiri.

Nyuma ya mlango mtu akakohoa. Alikuwa fundi cherehani mwenyewe, na alijua lugha zote mbili.

Mzee akauliza kwa Kiha kama mgeni huyu ameoa. Swali hilo nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza na sikuwahi kuliuliza, mimi niuliziaye kila kitu. Nikalifasiri.

"Mwambie bado," mwalimu akajibu. "Na mwambie leo nimekuja kwa ajili yako."

Nikaanza na hilo la pili. Nikangoja. Mlango ukakohoa tena, nikamalizia na la kwanza.

Mzee alitutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Akaonja pombe, akampa mwalimu kibuyu kabla yangu. "Mwenye maneno anywe kwanza," akasema kwa Kiha. "Mwenye mke atamalizia."

Nikajua posa imekubaliwa. Mwalimu akaninong'oneza, mzee amesemaje?

"Anasema umeongea vizuri," nikamjibu, nikanyoosha mkono nipokee kibuyu. Bado alikuwa anakunywa.