Siku Ukurasa Wote Ulipogeuka Mwekundu

Kimbunga kilikuwa bado kiko mbali baharini pale visiwa vyote vya Fiji vilipogeuka vyekundu kwenye ukurasa wetu. Hata visiwa vyenye jua kali.



Naitwa Litia. Hapa ofisini Suva, mji mkuu wetu, mimi ndiye niliyeandika msimbo wa JavaScript, yaani maagizo ya kompyuta, wa ukurasa wa tahadhari za kimbunga. Kila kisiwa kina kisanduku chake. Kijani, kaeni. Chekundu, pandeni mlimani.

Msimbo wangu unapokea jina la kisanduku, kisanduku chenyewe, au rundo zima la visanduku. Unavipanga vyote kwa mtindo mmoja, kisha unahakiki kila kimoja kama kweli kipo. Kimoja kikikosekana, unapaka ukurasa mzima rangi nyekundu.

Wenzangu waliniita Mama Woga.

Bosi wetu, Sakiusa, alikuja mbio. "Litia, mahoteli yote yananipigia simu. Umetutia aibu nchi nzima."

Apenisa, ninayekaa naye meza moja, akacheka. "Si nilikwambia? Ongeza mstari mmoja tu. Kisichokuwepo, kirukwe. Kijani kinarudi, tunakunywa chai."

"Fanya sasa hivi," bosi akasema.

Nikauandika ule mstari. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini nikakiondoa.

"Kwani kilichokosekana ni kipi?" nikauliza.

Nikaangalia. Kilikuwa cha kisiwa cha mama yangu. Nikamwonyesha Apenisa.

"Kile?" Apenisa hakucheka tena. "Nilikifuta asubuhi nikisafisha ukurasa. Nilidhani watu wake walishahamishwa."

"Mama yangu yuko pale, Apenisa."

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena, mtandao ukawa umekatika.

Nikafuta ule mstari, nikarudisha kisanduku. Visiwa vilivyokuwa mbali na kimbunga vikarudi kijani. Cha mama, kilichokuwa kwenye njia yake, kikabaki chekundu.

Sikulala. Niliogopa hata kuomba.

Kesho yake simu ikalia, namba ya mwalimu wa kijijini. Sauti ilikuwa ya mama.

"Wee Liti, nyumba imekwenda na maji. Na mihogo yangu yote."

"Mama, mlijuaje?"

"Mwalimu alituonyesha ukurasa, mwekundu wote, na jina letu halimo. Wengine wakasema umeharibika. Nikawaambia huyo ni mwanangu, namjua kwa woga. Tukapanda."

Nililia mbele ya bosi bila haya.

Ndugu zangu, mnaoandika misimbo na msioandika, kitu kikikosekana msikiruke kimya kimya ili mambo yaonekane shwari. Ulizeni kwanza ni kipi, na ni cha nani.

Mama Woga nimemaliza.