Matusi Yangu ya Catch, Leo Banaigeuza Kuwa Vita

Admin, ficha jina yangu, mais usifiche hasira yangu. Miye niko muzee wa miaka soixante-douze, sabini na mbili, niko hapa Bunia, bibi alishakufa, batoto kila mutu iko kwake. Masomo sikufika mbali, munivumilie. Mais shingo yangu, hata leo, kijana wa moto, hii pikipiki ya kubeba batu, hawezi kuizungusha mukono. Nilikuwa catcheur, mutu wa mieleka. Siku ya catch yangu hata soko ilifungwa mapema. Tulikuwa wengi, na wote tulitukanana ku radio, na maneno ya cassette yenye radio ilirekodi nimeigeuza kidogo, basi musijichoshe kutafuta miye ni nani.

Zamani, mbele ya vita ya kwanza, ilikuwa hivi: catch ikikaribia, catcheur anaingia ku radio, anatukana mwenzake, ili batu bajae. Mutu wangu wa kutukana alikuwa mumoja, nitamwita Makasi. Yeye kabila yake, miye yangu. Ile wakati hakuna mutu aliuliza. Siku moja nilisema ku radio: "Makasi, nitakufukuza hapa Bunia, weye na batu yako yote, mutalala mu pori, mutajifunika mvua." Muji muzima ulicheka. Naye akaingia, akanijibu yake.

Kisha vita ikakuja. Ikaenda, ikarudia. Batu ya Makasi balifukuzwa, balilala mu pori kweli kweli. Leo, mu hii vita yenye haiishe, yeye iko mu kambi ya bakimbizi hapo tu inje ya muji, na mapafu yake inakwisha.

Sasa batu fulani balitoa ile cassette sijue wapi, bakaitia mu téléphone, ikatembea. Ku parking ya moto karibu na kwangu kuko kijana mumoja banamwita Professeur. Anafungua sauti yangu, anaisimamisha, anafasiria, kama padri na Injili. Nilipita pale, nikasimama nyuma yao.

"Musikie hapa," anasema. "Vieux anasema 'pori', kisha anakohoa. Ile kikohozi haiko bure. Ni signe, alama ya benye kuelewa."

Nikamuambia, "Nilikohoa juu ya karanga. Nilikuwa natafuna karanga."

Bakacheka. Professeur akanishika mukono na heshima yote: "Papa, prophète, nabii wa Mungu, hajuake yote yenye kinywa yake inasema. Kuijua ni kazi yetu."

"Kinywa ni yangu, weye mutoto."

"Ilikuwa yako, papa. Sasa ni ya batu."

Nilitaka kumuinua na kumupiga chini, vile nilipiga banaume bakubwa kuliko baba yake. Nguvu iko, shida ni kiuno. Na ubaya zaidi, juzi balikuja mpaka kwangu na bière na kuku: "Papa, sema neno ingine, tuiweke mu téléphone. Sasa tufukuze nani?" Nilibafukuza beye na bière yao. Kuku ilibaki, juu ilishakimbilia nyuma ya nyumba.

Kwa Makasi nako, cassette ni ileile. Batoto yake banasema miye njo nilitangaza kifo ya batu yao. Mutoto wake wa kwanza, mwenye nilibeba ku mabega, alinipigia: "Muzee, papa anakuita kila siku. Mais ukikanyaga hapa, bajeunes, bavijana ya hapa, siko na nguvu ya kubazuia."

Sasa musikie kitu chenye catcheur hasemake. Ile matusi, Makasi mwenyewe njo alinipatia. Yeye alisoma, miye hapana. Tulikaa kwake, bibi yake anatuletea chai, na yeye ananifundisha: "Hapana, hiyo iko laini. Sema utanifukuza na batu yangu yote. Weka na mvua, batu batapenda mvua." Na tulipatana nani ataanguka. Kila mara. Nguvu yangu ilikuwa ya kweli, mutu asiniambie ingine, mais kuanguka tulipatana. Na tulikula kiapo, ile siri isitoke.

Ningeisema ku mutoto wake, maneno ingekwisha palepale. Nikapigia Makasi, nikamuomba: niachie niseme. Alikohoa wee, kisha akasema:

"Hapana, ndugu. Hapa tunalala chini ya bâche, hema ya plastiki. Tunapiga mustari ya kupata maharagi. Mais nikipita, batu banainuka, banasema huyu njo aliangusha lile jitu la Bunia. Batoto banacheza ile catch mu vumbi. Unataka kuniondolea na hiyo?"

"Mais bananiita muuaji."

"Najua."

"Na miye nilikuangusha mara mingi kuliko weye."

"Najua, ndugu. Mais ile catch ya mwisho ni yangu."

Niko na hasira. Na Professeur na uprophète wake, na ule mutoto nilibeba, na Makasi pia, juu anafunga kinywa yangu na palepale anataka nifike. Nikisema siri, nitafika ku kitanda yake, mais kama mwizi, mwenye amemunyanganya mbele ya batu yake kitu moja yenye alibakia nayo. Nikinyamaza, atakufa hapo karibu, nikisikia kengele ya kanisa yao, na batasema adui yake hakukuja hata kumuzika. Munganga alimuambia mutoto wake bajitayarishe.

Nyiye benye munasoma, musinitumie maombi. Musinifasirie. Mutu anijibu tu hii moja, na ajibu mbio: nifungue kinywa nimuone, ao nifunge nimuachie ushindi wake?