Jinsi Watajiju Alivyoongezewa Damu ya Majivuno

Siku ile sikushuka mlimani kwa ajili ya biashara, na hilo peke yake ni habari. Mtu kama mimi, niliyeacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba na leo nina duka la vifaa vya ujenzi pale Himo, malori mawili na geti linalofunguka lenyewe, hatoki Mwika asubuhi bila kufuata faida. Lakini siku ile nilishuka kwa ajili ya mbwa. Anaitwa Watajiju. Jina hilo nilimpa makusudi, ili kila nikimwita, wenye wivu wapate ujumbe wao bila mimi kupoteza vocha.

Asubuhi hiyo Watajiju hakuja kunipokea mlangoni. Nilimkuta amelala kibandani, anahema kama mtu aliyekimbizwa, na mkojo wake una rangi ya kahawa ya kuchemsha. Mke wangu, Mama Aika, alimwinua mdomo, tukaona fizi zimekuwa nyeupe kama sembe. Sikuhitaji daktari kunieleza. Nilijua amelishwa sumu, na nilijua aliyemlisha.

Hapa niwaeleze kidogo. Jirani yangu ni Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Tulikuwa hatusalimiani tangu nilipong'oa masale ya mpakani nikajenga ukuta. Kwetu Uchagani isale si ua la kupendezesha bustani. Linaonyesha mpaka, na ukimkosea mtu kisha ukampelekea jani lake, hana ruhusa ya kukataa kupatana nawe. Mimi niliona tofali linapendeza zaidi, na bado naona hivyo. Mzee Aminieli akanijibu kwa kufuga mbwa mkubwa kama ndama na kumwita Majivuno. Kila jioni nasikia nyuma ya ukuta: "Majivuno, kaa chini! Majivuno, utakula, au umeshiba sifa?" Na mbwa mwenyewe ana adabu, hahitaji kuambiwa kukaa.

Basi nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia ng'ambo ya ukuta. "Mbwa wangu akifa," nikapaza sauti, "kuna mzee wa kanisa atanieleza alichomlisha!" Aliyenijibu ni Majivuno peke yake. Nikamnywesha Watajiju maziwa, tukampakia kwenye pikapu, tukaondoka.

Marangu Mtoni, mahali penye watalii na wapagazi wao, Watajiju hupenda kuinuka na kuwatukana wote kwa lugha yake. Safari hii hakuinua hata sikio. Hapo nikakanyaga mafuta. Himo nilipita mbele ya duka langu mwenyewe bila kusimama, na wafanyakazi wangu mpaka leo wanaamini nilikuwa nawapeleleza. Mama Aika alikaa kando yangu, kichwa cha mbwa kwenye mapaja yake.

"Anahema?" nikauliza.

"Anahema."

Swali hilo nililiuliza kuanzia Uchira mpaka Kiboriloni. Mtu akisema nilikuwa naogopa, nitamwambia nilikuwa natafuta taarifa.

Moshi mjini, kwenye kliniki ya wanyama, tulipokelewa na daktari mwenyewe, binti mmoja anayeitwa Neema. Akanipa shikamoo kwa adabu zote, nami nikaitikia.

"Amelishwa sumu," nikamwambia, ili nimrahisishie kazi.

Hakubisha. Akamtazama fizi, akampima joto, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kioo na kuinamia hadubini yake. Kisha akauliza, "Baba, huyu analala wapi?"

Nikafurahi kuulizwa. "Ana kibanda kizuri kuliko cha mbwa yeyote Mwika. Nilikinunua kwa familia moja ya Shanti Taun, mtaa wa wenye pesa hapa Moshi, iliyokuwa inahama. Kina dirisha. Kina zulia."

"Hilo zulia lina kupe, baba."

Mama Aika akakohoa. Daktari Neema akaeleza kwamba sumu hakuna. Ni ugonjwa wa kupe. Vijidudu vimeingia kwenye damu na vinaivunja, ndiyo maana mkojo umekuwa vile. Dawa ya sindano anayo, lakini damu iliyobaki ni kidogo mno, mbwa anaweza kufa dawa ikiwa bado kazini. Anatakiwa kuongezewa damu, na iwe kabla ya jioni.

"Weka," nikasema. "Weka nyingi. Mimi si mtu wa kuuliza bei."

"Haiuzwi, baba. Sina hata mfuko mmoja. Inatoka kwa mbwa mwingine."

"Basi nakuletea mbuzi. Beberu, sasa hivi."

"Damu ya mbuzi tunapikia supu ya kisusio."

"Damu ni damu, mwanangu."

"Kwa hiyo wewe ukiugua, tukuwekee ya kuku?"

Mama Aika akacheka. Mbwa anakufa, mke wangu anacheka.

Daktari akasema anataka mbwa mkubwa, kilo ishirini na tano kwenda juu, mzima, mwenye chanjo zote. Nikawapigia simu matajiri wenzangu. Mmoja mbwa wake anabebwa kwenye mkoba. Mwingine hakuwa na hakika kama wake amechanjwa, na nilipomdadisi, hakuwa na hakika kama bado yupo. Wakati nafanya hayo, Watajiju alikuwa mezani na dripu mguuni, ananitazama. Mbwa huyo amenitazama hivyo tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia yangu, kama mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna jambo lililonishinda.

"Halafu nyinyi si mmetoka Mwika?" Daktari Neema akakumbuka. "Huko yuko mmoja anafaa kabisa. Anayemfuga hakosi kumchanja. Tumempima juzi, damu yake safi. Anaitwa Majivuno. Mnamfahamu?"

Mama Aika akatazama dari.

"Namsikia," nikasema.

Namba ya Mzee Aminieli tulikuwa nayo, kwa sababu Mama Aika, bila kunishirikisha, hajawahi kuifuta. Nikapiga.

"Shikamoo, mzee. Ni jirani yako hapa."

"Jirani yupi? Upande huo mimi nina ukuta."

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno kama hayo hayapiti kwenye simu," akakata.

Kurudi mlimani siku hiyo nilikuwa peke yangu, Mama Aika amebaki na mgonjwa. Nilifahamu mzee anataka nini. Anataka isale. Nilipofika Mwika ndipo nilipokumbuka kwamba kwangu sina hata jani moja. Nina maua ya kuagiza, nina nyasi zinazokatwa kwa mashine, lakini masale niliyang'oa yote, na kwa sifa nilizonazo, kazi nikiifanya huwa imefanyika. Masale ya karibu yalikuwa upande wa pili, shambani kwa Mzee Aminieli.

Nikaacha gari barabarani. Nikainama na kitambi changu hiki, nikapenya kwenye migomba yake kama mwizi wa ndizi. Nikafika, nikashika jani.

"Chukua lililonyooka," sauti ikasema. "Hilo lina madoa."

Mzee Aminieli alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mibuni, mkasi wa kupogolea mkononi, Majivuno miguuni pake. Nadhani alikuwa ananingoja.

"Shikamoo, mzee."

"Umekuja kuniibia, ili uniombe msamaha kwa mali yangu?"

"Kwangu hayapo."

"Najua hayapo. Nilikuwa nimesimama hapa ukiyang'oa."

Nikachukua lililonyooka. Nikalifunga fundo kama nilivyomwona marehemu baba akifanya, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nimekosa, mzee. Na ile sumu haipo. Ni kupe."

"Kupe wa wapi?"

"Wa kibandani."

"Kile chenye zulia?"

Sijui nani alimwambia habari za zulia. Alicheka mpaka akashika mbuni asianguke. Alipopata pumzi, akalitia jani mfukoni. "Upande wangu yamekwisha. Isale halikataliwi. Lakini damu si yangu, mbe, bwana wangu. Mwombe mwenyewe."

"Nani?"

Akamwonyesha mbwa kwa mkasi.

Mnaonijua mtadhani nilikataa. Lakini kule mezani kuna mtu ananitazama. Nikachuma jani jingine, nikapiga goti kwenye majani makavu, nikamsogezea Majivuno. Akalinusa. Akaniramba pua. Akapiga chafya.

"Amekubali," akasema Mzee Aminieli. "Ana moyo mwepesi, hakuujifunza kwangu."

Safari ya kurudi Moshi tulikuwa watatu mbele. Nilishauri Majivuno apande nyuma, nikaambiwa mtoa damu hakai na mifuko ya saruji. Akakaa katikati, akaniegemea, na kufika Himo bega langu lote lilikuwa limelowa mate. Wafanyakazi wangu wakaniona napita tena, mara ya tatu, nimekumbatiwa na mbwa.

Kliniki, mambo yalikwenda taratibu kuliko moyo wangu. Daktari Neema alichanganya tone la huyu na tone la yule kwenye kioo, akakitikisa, akatazama kama yanagombana. Hayakugombana. Akamnyoa Majivuno shingoni, akampa dawa ya kumtuliza, damu ikaanza kushuka kwenye mfuko. Mzee Aminieli, ambaye amechinja mbuzi wa sikukuu tangu ujana wake, alipouona mfuko unajaa akaomba kiti. Mimi sikuomba kiti. Nilishika ukuta, na ukuta nao ulinishika.

Kisha ule mfuko ukatundikwa juu ya Watajiju. Tone la kwanza, la pili. Daktari akasema tungoje tuone kama mwili utaikataa, na akaweka kidole kwenye paja la mbwa kuhesabu mapigo. Mama Aika alikuwa anaomba kwa Kichaga, na nikasikia mzee anaitikia amina kwenye maombi ya mbwa wangu, yule yule niliyemwita mlisha sumu asubuhi.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Daktari Neema akainua mdomo wa Watajiju. "Njooni."

Fizi zilikuwa na wekundu. Mwembamba tu, kama chai ya maziwa iliyomwagiwa rozela, lakini ulikuwepo. Watajiju akafumbua jicho, akamwona Majivuno anakula wali na nyama za kujipongeza, akanguruma. Sijawahi kusikia mngurumo mtamu namna ile.

"Aika, mzee," nikasema, yaani asante kwa Kichaga. Sikuwa na neno jingine, na mimi huwa sikosi maneno.

Baada ya siku chache za sindano niliruhusiwa kumchukua. Kibanda nilikwisha kukichoma moto, pamoja na zulia lake na dirisha lake. Mzee Aminieli alikuwa anatungoja kando ya barabara Mwika. Watajiju aliruka chini, akampita Mama Aika, akanipita mimi, akaenda kumzunguka yule mzee na kubweka kwa nguvu zote.

Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza kama anayesikiliza risala. "Sauti ni yako," akaniambia, "lakini maneno ni ya kwetu."

Basi nilichojifunza ni hiki, nanyi mnaofuga mkichukue bure. Mbwa akilegea, mwinueni mdomo mtazame fizi. Zikiwa nyeupe, acheni maziwa, acheni kutafuta mchawi, mpelekeni kwa daktari. Na kabla hajaugua, jueni ni nani karibu yenu ana mbwa mkubwa, mkamsalimie mapema mkiwa hamna shida, maana damu hiyo haina duka. Mimi siku hizi nikipita Mwika nawasalimia wote wenye mbwa wa kilo ishirini na tano kwenda juu, nawauliza watoto wamelalaje, migomba inaendeleaje. Wenye mbwa wadogo nawapungia mkono tu.