Nilipowafanya Baba na Mwana Mtu Mmoja

Siku ya kwanza kazini Malindi, katika ofisi iliyoandika programu za zahanati, Mhandisi Mkuu aliitikia shikamoo yangu huku akinionyesha kompyuta kwa kidole. "Kabla hujaandika kitu, tazama maktabani kama kipo." Maktaba yetu haikuwa ya vitabu. Ilikuwa ya vipande vya programu vilivyoandikwa na kupimwa na wenzetu. Ukikiita kimoja, kinakufanyia kazi. Niliitii kanuni hiyo miaka mingi.

Nikahamishiwa Kilifi, chini ya Meneja wa Mifumo, mtu wa pupa. Zahanati moja ya Ganze ilikuwa na kompyuta kuukuu, na kutafuta jina la mgonjwa kulichukua muda hadi watu waliotembea tangu alfajiri wakanung'unika. "Wewe ni fundi, au umekuja kubonyezabonyeza?" akaniuliza Meneja. Nilipandwa na hasira. Nikanakili kipande cha maktaba cha kulinganisha majina, nikakipunguza: kisijali jina lipi linatangulia. Kikaenda mbio, nami nikavimba kichwa.

Mimi, mzaliwa wa Adu, nilisahauje kwamba kwetu mjukuu hupewa jina la babu, likafuatwa na la baba yake? Kazungu Charo humzaa Charo Kazungu. Ganze walikuwako baba na mwana wa majina hayohayo; programu ikawaona mtu mmoja, ikabakisha faili ya baba na kufuta ya mwana, pamoja na onyo la dawa inayomdhuru.

Muuguzi alikuwa ameshajaza sindano Charo alipouliza ni dawa gani.

"Penisilini? Hapana, sista! Hiyo ilitaka kuniua."

Nilikwenda Ganze mwenyewe. Mzee Kazungu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nina presha, huyu Charo hadungwi penisilini. Sisi ni watu wawili." Nilitamani ardhi inimeze.

Meneja alitaka niitie kiraka nakala yangu. Nilikataa katakata. Nilipima kila hatua kwa saa, na kumbe kilichochelewesha ni kusoma faili za zahanati zote kwa kila mgonjwa. Nikaifanya programu isome za Ganze pekee, na kazi ya kulinganisha majina nikairudisha kwa kipande cha maktaba. Kasi ikapatikana.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama kunakili ni kosa. Nilinakili tena mara mbili, kila mara baada ya kupima, na juu ya nakala niliandika sababu na jina langu. Ukinakili, ulezi ni wako. Charo yu hai kwa sababu aliuliza mwenyewe. Hilo silisahau, wala sitaki kulisahau.