Vyuma Kutoka Mutsamudu

Niliishusha pikapu yangu kwa sababu ya magoti ya mama mkwe. Miaka ile ya mamluki wa kizungu, watu wa Moroni hawakuwa na hamu ya kurembesha magari. Mwenye gari alishukuru likiwaka. Lakini mama alikuwa akiuza leso na vitambaa soko la Volo Volo, nami nilikuwa nikiishi nyumbani kwake Itsandra, kwa kuwa ada ya kule ni mume kumfuata mke. Kila asubuhi nilimpeleka sokoni, na kila asubuhi nilimwona akikitazama kipandio cha mlango kama anayetazama mlima. Magoti yalikuwa yamevimba. Kushikwa na mkwe mwanamume ili apandishwe, hilo hakulitaka kabisa.

Basi nikatoa vyuma viwili katika kila springi ya nyuma, nikazikata za mbele, gari likashuka vidole vinne. Mama akapanda mwenyewe, akajifunga leso vizuri, akanitazama kwa raha.

Raha ilidumu mpaka kona ya kwanza. Springi zilikuwa zimelegea, gari likalala upande hata mabunda ya nguo yakaporomoka.

"Mwanangu," akasema, ameng'ang'ania dirisha kwa mikono miwili, "unanipeleka sokoni au baharini?"

Gari lilihitaji stabilaiza, vile vyuma virefu vinavyounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale kwenye kona. Vyake vilikuwa vimekatika kabla sijalinunua, na Moroni nzima sikupata vingine. Baharia mmoja akaniambia iko pikapu kama yangu Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, imepata ajali, imeachwa nje ya mji wa kale. Nikapanda meli.

Mwenye gari aliishi ndani kabisa, kwenye vichochoro visivyopitika ila kwa miguu. Alikuwa mwalimu wa dini, mzee mwembamba. Mimi nilizaliwa Unguja. Kingazija changu cha kule Moroni kilikuwa cha kuungaunga, na lugha ya Nzuani sikuijua. Bahati yangu, yeye alisoma Unguja ujanani, tukaongea Kiswahili.

"Mimi ni fundi," nikamwambia.

Akatabasamu. "Huku kwetu fundi ni mwanachuoni. Wewe unasomesha kitabu gani?"

"Cha spana, mwalimu."

Akacheka. Nilipomweleza nilichofuata, kicheko kikakatika. Tukateremka pamoja hadi lilipokuwa gari. Upande wa dereva ulikuwa umebonyea mpaka kwenye kiti.

"Aliyekuwa akiendesha ni mwanangu," akasema. "Wako wanaosema alikuwa akiwakwepa askari wa kizungu, wako wanaosema ni mwendo tu. Mimi sikuwepo. Ukiona vina nuksi, viache."

Nikasema sioni nuksi, ingawa sikuwa na hakika. Nikaingia chini ya gari, naye akakaa juu ya jiwe mpaka nilipomaliza, boliti moja baada ya nyingine, zote zimeshikwa na kutu. Sikumwuliza neno. Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu.

Bandarini Moroni mzungu mwenye bunduki alilifungua gunia langu, akaviona vyuma vilivyopindwa, akauliza ni vya silaha gani. Kifaransa kikanipotea. Nikachuchumaa, nikamchorea mavumbini magurudumu mawili na chuma katikati. Akatazama, akaufuta mchoro kwa kiatu, akanionyesha njia.

Kufunga kulinichukua siku mbili. Kwa kuwa gari lilikuwa limeshuka, viungo vya pembeni vinavyoshika vyuma hivyo vilikuwa virefu mno. Nikavikata na kuvichomelea upya. Bushi, zile raba za kushikia vyuma, nilizichonga kutoka kwenye tairi la lori. Asubuhi ya tatu tukaingia kona ile ile, gari likapita limesimama sawasawa. Mama akaliachia dirisha.

"Leo barabara imenyooka," akasema.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake kila kona nikawa nauona ule mlango uliobonyea. Kwa wiki kadhaa nilimbeba mwanamke mcha Mungu juu ya vyuma vya marehemu bila kumwambia. Siku moja akaniuliza mwenyewe nilivipata wapi. Nikaliweka gari kando, nikamweleza yote, huku nikingoja ashuke.

Hakushuka. Akauliza, "Huyo kijana aliitwa nani? Nimwombee."

Sikujua. Nilikaa na baba yake nusu siku nzima, na hilo sikuuliza.

"Umechukua chuma, mwanangu, ukamwacha mtu," akasema. Hakuwa na hasira.

Nikaandika barua, nikampa baharia anayekwenda Nzuani. Jibu lilichukua zaidi ya mwezi, hata nikaamini kwamba nimemuudhi mzee. Ilikuja karatasi yenye mistari miwili kwa hati ya Kiarabu: jina la kijana na la baba yake, na chini yake salamu kwa mama. Nilimsomea tukiwa nje ya soko. Akalirudia jina mara mbili lisije likamtoka, akainua mikono, akamsomea Fatiha. Kisha akaniambia nimshushie mabunda, wateja walikuwa wamesimama.