Ukingo wa Vitenge vya Victorine

Victorine alipofariki Kipushi, mwezi wa Novemba mwaka 2018, aliacha nyuma yake vitu viwili: mtoto wa kike wa miaka tisa aitwaye Dorcelle, na sanduku la bati lenye vitenge kumi na kimoja. Vyote viwili vilifika Makomeno, mtaa wa Lubumbashi alikoishi dada yake mkubwa Émerance, kwa gari moja na asubuhi moja, mtoto akiwa ameketi juu ya sanduku kama kuku anayeatamia mayai.

Wala mtoto wala sanduku havikuwa vya Émerance. Katika ukoo wao, nguo za marehemu hulala zimefungwa mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo wakubwa wa upande wa mama huketi mkekani, hufungua sanduku, hugawana nguo, kisha huamua mtoto atalelewa na nani, maana kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, si wa baba. Anayewekewa sanduku hupewa ufunguo, na kazi yake ni moja tu: kutoutumia.

Émerance alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na hakujaliwa mtoto. Mumewe Gérard alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodini mwaka ule kampuni yake ilipoacha kulipa, na tangu hapo hakurudi wala hakutuma salamu. Basi Dorcelle alipoingia mlangoni akiburuta ndala za mama yake, Émerance alijua anachokitaka duniani. Alitaka wakubwa waje, wagawane vitenge wapendavyo, wamwachie mtoto.

Lakini mtoto hakuwa mzima. Hakulia hata siku moja, na hilo ndilo lililotisha. Alikula matonge mawili ya bukari, ugali wa kwao, akasukuma sahani. Akitafutwa, alikutwa amelala sakafuni, pua yake kwenye tundu la ufunguo la sanduku.

"Unafanya nini pale, mama?" Émerance alimwuliza.

"Inanukia Mama," Dorcelle alijibu bila kuinuka.

Kwa desturi, mtoto angepewa kitenge kimoja, tena kile ambacho wakubwa wamekiacha. Émerance alilifikiria jambo hilo siku nyingi, akikaa mbele ya mashini yake isiyokuwa na kazi. Nchi ilikuwa inangoja uchaguzi ulioahirishwa mara kwa mara. Askari walikuwa wamejaa njia panda, na hakuna mtu aliyeshonesha nguo mpya. Mchana mmoja wa mvua alinunua mega chache za mtandao, akafungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaandika kwa Kifaransa swali ambalo hakuweza kumwuliza mtu yeyote Makomeno: nguo za marehemu zaweza kufanywa nini kwa ajili ya mtoto wake?

Jibu lilimjia kutoka nchi ya baridi. Mwanamke mzee, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alionyesha jinsi alivyokata mashati ya marehemu mumewe, akayaunganisha vipande kwa vipande mpaka yakawa blanketi la mjukuu. Chini ya picha zake kulikuwa na njia ya kwenda kwa mwanamke mwingine, na kwa huyo kwenda kwa mwingine tena. Ukoo mzima wa wanawake wasiojuana, wakiachiana vielelezo bure. Kulikuwa na nyota, na ngazi, na mtindo mmoja uitwao nyumba ya magogo, ambao vipande virefu vyembamba huzunguka mraba mdogo katikati, kama kuta zinavyozunguka jiko lenye moto. Émerance alistaajabu. Kwake, vipande vilivyobaki vilikuwa vya kujazia mito. Kumbe duniani kuna watu wanaokata kitambaa kizuri makusudi, kisha wanakirudisha kuwa kitu kimoja!

Simu yake haikuwa na nafasi ya kuhifadhi picha hata moja. Alichukua daftari la shule, akanakili vielelezo kwa penseli, na pembeni akaandika mashauri ya wale wanawake kwa mwandiko wake mzuri. Kila mega zikipatikana, alirudi kwenye kurasa zilezile. Wiki ya pili ya Desemba akafungua sanduku.

Hakutaka kumwibia mtu. Alikata shauri kuchukua utepe wa upana wa vidole vinne tu kutoka kila kitenge, upande wa juu, ule unaofichika kiunoni mwanamke anapojifunga. Upande wa chini haukufaa. Victorine alikuwa mfupi, na kila kitenge alichonunua alikipunguza chini, ukingo na yote, na kukipinda. Nani angeona pengo la vidole vinne?

Dorcelle alikaa karibu, akishika kila utepe na kukitaja kitenge chake. "Hii alivaaka ku kanisa. Hii alivaa siku tulikwenda kwa Tantine Nono, mvua ikatukamata. Hii hakupendaka, lakini Papa njo alimununuliaka."

"Na hii ya manjano?"

"Hii alikuwa anapikiaka."

Ulikuwa mwanzo wa mtoto kusema. Siku ile alikula sahani nzima.

Shauri moja Émerance alilifuata kwa uaminifu kuliko yote, kwa sababu wanawake wote wa mtandaoni walilirudia: kabla ya kushona, kata ukingo wa kitambaa na uutupe. Ukingo umefumwa kwa kubana, walisema. Blanketi likifuliwa, ukingo hujivuta na kuikunja kazi yote. Basi alikata ukingo wa kila utepe. Kingo zile kavu zilishika moto vizuri, na makaa yalikuwa yamepanda bei, kwa hiyo akamwagiza Dorcelle azipeleke kuwashia mbabula, jiko lao dogo la bati.

Wale wanawake wa nchi ya baridi hawakuwa na namna ya kujua jambo ambalo kila mama wa Lubumbashi analijua tangu usichana. Kitenge cha waksi ya kweli, kile cha bei kubwa, husomwa ukingoni. Hapo ndipo penye maandishi madogo yanayosema kimetengenezwa wapi na nani. Bila maandishi hayo hakuna wa kukitofautisha na ile ya kuigiza inayochuja rangi ikifuliwa mara tatu. Na Émerance alilijua. Alikuwa fundi! Lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye nyumba ya magogo, na anayetazama mbali hujikwaa kwa kilicho miguuni.

Kura zilipigwa tarehe thelathini Desemba. Kesho yake mtandao ukakatwa nchi nzima. Blanketi lilikuwa limebakiza miraba miwili, na ukurasa wa kufundisha jinsi ya kumalizia pembe ulibaki ukizunguka, ukizunguka, bila kufunguka. Émerance akashona kwa kukisia.

Tarehe tano Januari akafika Mama Mwansa kutoka Kasomeno, dada mkubwa wa marehemu mama yao, pamoja na wanawake wawili wa ukoo. Walikuwa wamechoka, barabarani askari waliwashusha mara nne. Waliomba, wakanywa chai, wakatandika mkeka. Émerance akatoa ufunguo. Moyo wake ulitulia kidogo, kwani vitenge alikuwa amevikunja vizuri sana.

Mama Mwansa alichukua kitenge cha kwanza. Hakukifungua. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja juu, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Maandishi iko wapi?"

Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Wale wanawake wawili wakasogea.

"Émerance. Victorine alikuwa anavaaka waksi ya kweli. Mi mwenyewe nilimupa mbili. Maandishi iko wapi?"

"Mama, mi njo nilikata. Kidogo tu. Njo nilishonea mutoto blanketi." Akalileta mbio, akalitandaza mkekani, kuta za rangi kumi na moja zikizunguka miraba ya manjano. "Angalia, Mama. Bikwembe yote kumi na moja iko humu. Sikuuza hata kimoja."

Mama Mwansa alilitazama blanketi kwa muda. Mmoja wa wale wanawake akasema taratibu, "Kazi iko muzuri, ee." Mama Mwansa hakumsikia.

"Ulifungua sanduku sisi hatujafika."

"Nilifungua, Mama."

"Na mwenye kufungua sanduku, nini inamuzuia kuuza bikwembe ya kweli na kuweka ya uongo? Anakata pembeni, tusione."

"Hapana, Mama! Walifundisha vile ku mutandao. Wanasema mutu akate pembeni, bila vile blanketi itajikunja." Alitoa simu, akaifungua. Kiduara kikazunguka. "Bamekata mutandao. Lakini niliandika. Soma, Mama, ni hii."

Mama Mwansa alipokea daftari, akafunua kurasa mbili. "Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni wewe ulijifundisha." Wale wawili wakacheka kidogo, wakajizuia. "Ukiulizwa bikwembe, bamekata. Ukiulizwa mutandao, bamekata. Kwako hapa kitu gani iko nzima?"

Aliyebaki kuulizwa alikuwa Jérémie, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye depo ya vitambaa kwenye kona, Mkristo mwenye kuaminiwa na mtaa mzima. Watu walisema hajui kudanganya hata kwa bei. Aliitwa. Alikuja, akasalimu kila mama kwa mikono miwili, akachuchumaa. Alikitazama kitenge mbele na nyuma, akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akanusa.

"Mama, mikono yangu inaniambia ni ya kweli," alisema.

Émerance akafumba macho.

"Unaapa?" Mama Mwansa akauliza.

Jérémie alikirudisha kitenge mkekani. Alimtazama Émerance, akatazama chini. "Kuapa, hapana. Siku hizi wanaigiza sana, na mikono inaweza kudanganywa. Bila maandishi, hata mimi singeiweka ku depo yangu. Munisamehe, Mama Émerance."

Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulimaliza kila kitu isipokuwa tumaini la kuachiwa mtoto. Tumaini hilo lilimalizwa na Dorcelle. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na alipoona jirani anasitasita, alikimbilia mkekani, mbele ya Mama Mwansa aliyekuwa bibi yake, ili amwokoe mama yake mkubwa.

"Kambo, maandishi ilikuwa! Mi niliisoma. Tuliitia moto ku mbabula. Ilikuwa inashika vizuri, njo tulipikia bukari!"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akashika mdomo wake. Nguo ya marehemu huvaliwa, hugawanywa, hata huzikwa naye; lakini kuichoma kabla matanga hayajaondolewa, na kwa moto huo kumpikia mwanawe! Émerance mwenyewe alilisikia jambo hilo kana kwamba ni mtu mwingine aliyelitenda.

"Ulimupikia mutoto na nguo ya mama yake," Mama Mwansa alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. Ilikuwa ya woga. "Na yeye akakula."

"Mama, sikufikiri..."

"Najua. Njo ubaya wenyewe. Ungekuwa mwizi tungekulipisha, tungemaliza." Akaanza kukunja vitenge. "Fumua blanketi. Kila kipande irudi kwa mwenziwe. Hatuwezi kuacha Victorine amesambaa."

Basi Émerance akafumua. Wanawake waliketi wakimtazama, na Dorcelle akaketi upande wa pili akivuta nyuzi, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuzivuta bila kukwaruza kitambaa. Kazi ya wiki tatu iliisha kabla adhuhuri haijapita. Vipande vililazwa kila kimoja juu ya kitenge chake, vimejaa matundu ya sindano, na havikufikia tena pale vilipotoka. Kati ya kipande na kipande palibaki nafasi ya mshono, na juu kabisa palikosekana ukingo. Mama Mwansa alivisukumasukuma ili vikutane, kisha akaacha.

"Mutoto ataenda na sisi Kasomeno," alisema. "Tutamuombea kule."

"Mama, hapa alianza kukula. Alianza kusema. Muulizeni."

"Tulisikia vile anasema."

Émerance alipiga magoti. Alisema yote ambayo mtu husema: kwamba hana mtoto mwingine, kwamba shule iko karibu, kwamba barabara ya Kasenga ya kwenda kwao haina usalama, na huko nani angemtunza. Mama Mwansa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama asikilizwavyo mfiwa. Halafu akamwambia amfungie mtoto nguo zake.

Lori lililokuwa likienda na mifuko ya chumvi lilikubali kuwabeba asubuhi iliyofuata. Watu wengi walikuwa wamekusanyika kwenye kituo, kwa sababu hakuna aliyejua njia itafungwa saa ngapi. Émerance alimnyanyua Dorcelle mwenyewe, akamweka juu ya mifuko. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko siku alipokuja, au ndivyo ilivyomwelea.

"Mama Mukubwa, utakuja lini?"

"Njia ikitulia."

"Itatulia lini?"

Émerance akamfunga kifungo cha juu cha sweta. Mtoto hakurudia swali.

Lori likaondoka likiyumba. Dorcelle hakupunga mkono. Alihitaji mikono yote miwili kushikilia ubavu wa gari. Wanawake wakamfunika kichwa kwa ajili ya vumbi, na baada ya hapo haikuwezekana kutofautisha nani ni nani juu ya ile mifuko.

Askari mmoja akawaamuru watu waliobaki pale watawanyike, maana mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Wakaondoka wawili wawili, watatu watatu, wakibishana juu ya matokeo ambayo hakuna aliyekuwa ameyasikia. Émerance akatawanyika peke yake.