Ufa wa Bunduki ya Mwero

Mwero alipofariki aliacha wajane wawili, shamba la minazi na mihogo karibu na Kombani, na bunduki ya marisawa yenye mitutu miwili, aliyopewa zamani na Mzungu wa shamba la mkonge. Wazee wa ukoo wakaamua bunduki imwendee Randu, mwana wa Mbodze, mke mdogo. Kahaso, mke mkubwa, alizaa mabinti watupu, na wote walikuwa wameshaolewa.

"Inshallah iwe heri," Kahaso alisema, ameinamisha kichwa. Moyoni alikuwa anaungua. Tangu Mbodze aingie mji ule, bunduki ilihamia chumbani kwake pamoja na Mwero mwenyewe, ikawa inalala uvunguni mwa kitanda cha mke mdogo. Jioni Kahaso alikuwa akisikia harufu ya mafuta ya nazi yanayosuguliwa kwenye vile vyuma, na akijua kwamba mkono unaosugua si wake tena.

Mwaka uliofuata ule wa kupandishwa bendera mpya ya uhuru, chifu alimwambia Randu aipeleke bunduki Kwale ikaguliwe na kuandikishwa kwa jina lake, aende na watu wanaoijua. Ndivyo wake wenza wale walivyojikuta wamekaa benchi moja nje ya kituo cha polisi, kila mmoja akitazama upande wake.

Fundi wa silaha aliitwa Suleiman, mtu wa Munje, mpole. Aliwaamkia shikamoo, akaikunja bunduki ikafunguka, akachungulia ndani ya mitutu, kisha akaigeuzageuza juani.

"Hii ni ya zamani sana," alisema. "Tazameni chuma chake, kimesukwa kama ukili wa mkeka. Na chapa hizi hapa chini ni za Birmingham, Uingereza, kabla ya vita vya kwanza. Randu, usije ukaitia risasi kali za siku hizi. Itakupasukia usoni."

Akainakili nambari. Kidole chake kikasimama kwenye kitako. "Na ufa huu uliofungwa waya wa shaba?"

"Baba aliteleza, akaanguka nayo," Randu alijibu.

Kahaso aliuma mdomo. Alfajiri moja, kabla Mbodze hajaolewa, nguruwe mwitu aliyejeruhiwa alimwangusha Mwero kwenye mihogo, akamchana paja. Kahaso aliiokota bunduki, akaishika mitutuni, akampiga yule mnyama kichwani mpaka mti wa kitako ukapasuka. Mwero aliona haya watu wajue ameokolewa na mkewe. Kahaso akamsitiri, na miaka yote hakusema.

"Si kweli," Mbodze alisema ghafla.

Kahaso aligeuka.

"Aliyeivunja ni huyu dada yangu, akimpigania mume. Mwero mwenyewe aliniambia. Kila nikiipaka mafuta nikafika hapo kwenye ufa, alikuwa akinisimamisha, anaanza upya: Kahaso hivi, Kahaso vile." Akaugusa ule waya wa shaba. "Nimelala juu ya ufa huu tangu niolewe. Nilikuwa nauonea wivu mpaka nikatamani kitako kitiwe moto."

Randu alimtazama Kahaso kama mtu aliyemwona mara ya kwanza. Suleiman alikohoa, akaandika: kitako kina ufa, kimefungwa waya.

"Andika na sababu," Kahaso alisema.

"Mama, serikali haiulizi sababu," Suleiman alijibu.

Mchana waliteremka kwa miguu kuelekea Kombani, Randu mbele na bunduki yake begani. Furaha ilimjaa Kahaso kifuani, lakini hazikupita hata hatua chache ikaanza kumchoma. Maneno yale yalikuwa yake. Kwa nini Mwero aliyamwaga chumba cha pili, asimwambie yeye hata mara moja?

Alikaza mwendo, akamfikia Mbodze. "Hebu niambie, mke mwenzangu. Alikuwa akisema nini hasa?"

Mbodze alirekebisha kanga kichwani. "Nimekupa yale ya kuandikishwa. Mengine aliniambia mimi, dada. Ni yangu."

Wakaendelea kutembea.